Jino Linapouma, na Linapoacha Kuuma

Katika nchi ya Ukambani, mvua za kutegemewa ni zile za vuli, zianzazo mwezi wa Oktoba na kwisha Desemba. Mkulima wa Kathonzweni au wa Ikutha asiyepanda wakati huo hukosa mavuno, na kwa sababu hiyo mambo mengine ya nyumbani huahirishwa mpaka mbegu ziwe zimeingia ardhini. Moja la mambo yanayoahirishwa hivyo ni jino bovu. Mtu huumwa na gego siku nne au tano, usiku halali, na chakula hutafuna kwa upande mmoja tu. Kisha asubuhi moja huamka na kuona kwamba jino limenyamaza kabisa. Hufurahi, hushika jembe lake, na safari ya kwenda hospitali ya Wote au ya Kitui huisahau. Yafaa watu waelewe kwa nini asubuhi hiyo ya furaha ni ya kuogopwa kuliko usiku wote uliotangulia.

JINO LILIVYO

Jino huonekana kama jiwe, lakini si jiwe. Zamani ilikuwa desturi ya Wakamba kuchonga meno ya mbele yawe na ncha, na Gerhard Lindblom, mtaalamu wa Uswidi aliyekaa Ukambani mwaka 1911 na 1912, aliieleza desturi hiyo katika kitabu chake juu ya Wakamba kilichotoka mwaka 1920. Kazi hiyo ilitaka mkono wa fundi, maana chombo kikipita ndani mno jino huweza kufa. Kitu chenye kufa hakiwi jiwe.

Sehemu za jino ni tatu, moja ndani ya nyingine. Ya nje ni gamba jeupe liitwalo enameli. Hili ni gumu kuliko mfupa, tena gumu kuliko kitu kingine chochote mwilini, wala halihisi kitu. Chini yake pana dentini, ambayo ni laini kidogo na ya rangi ya manjano, yenye vijitundu vyembamba mno vinavyopeleka ndani habari za baridi na moto. Katikati kabisa mna kiini cha jino, na humo mna mishipa ya damu na mishipa ya fahamu inayoingia kwa kijitundu kilicho kwenye ncha ya mzizi.

Kiini hicho kimezungukwa na kuta ngumu pande zote. Kidole kikiumia huvimba, na uvimbe hupata nafasi. Kiini cha jino kikivimba hakina pa kwenda, basi hujibana chenyewe ndani ya chumba chake. Huko ndiko yatokako maumivu ambayo hata mtu hodari hulia kwayo. Tena mgonjwa anapolala kitandani, damu huelekea kichwani kwa nguvu zaidi kuliko anaposimama, na mbano huzidi. Hii ndiyo sababu jino lililovumilika shambani mchana halivumiliki usiku wa manane.

KIFUNGUACHO NJIA

Njia ya kufikia kiini hufunguliwa na bakteria, yaani vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyoishi katika utando laini unaoganda juu ya meno. Vijidudu hivi hula sukari ileile anayoila mtu, na baada ya kuila hutoa asidi. Asidi huyeyusha madini ya enameli kidogo kidogo mpaka tundu litokee. Mate ya mtu hupunguza nguvu ya asidi na kurudisha madini mahali pake, lakini kazi hiyo huhitaji muda, mara nyingi nusu saa au zaidi baada ya kila kitu kitamu.

Kwa hiyo wingi wa sukari peke yake sio unaodhuru. Kinachodhuru zaidi ni idadi ya mara ambazo sukari huingia kinywani. Mtu anywaye chai ya sukari pamoja na chakula cha asubuhi, kisha akanywa maji matupu mpaka adhuhuri, amelipa jino nafasi ya kupona. Lakini mwenye duka anayeonja soda moja tangu saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri, funda moja sasa na funda jingine baadaye, meno yake hukaa ndani ya asidi mchana kutwa, hata kama sukari aliyokunywa ni chache kuliko ya yule mwenzake. Asali ya Kitui, ambayo sifa yake imefika mbali, ni chakula chema. Kwa vijidudu hivi, hata hivyo, ni sukari kama sukari nyingine. Muthokoi na maharagwe havina lawama hiyo. Ndengu nazo hazina, ila zina hatari yake: kokoto moja iliyosazwa katika ungo huweza kulipasua gego, na jino lililopasuka huchoma kila mara mtu anapouma kitu na kukiachia.

Watu wengi, na si wa Ukambani tu, wamesadiki kwamba jino hutobolewa na funza. Wababeli wa kale walisema hivyo, na watu wa Ulaya waliamini hivyo miaka mingi. Waganga wa huko walichoma mbegu za mimea fulani, wakamfukiza mgonjwa kinywani, kisha wakamwonyesha vitu vyeupe vyembamba walivyoviita funza. Kumbe vilikuwa ni vichipukizi vya mbegu zenyewe vilivyotoka kwa sababu ya moto. Pierre Fauchard, mganga wa meno wa Ufaransa, alitafuta funza hao asiwaone, na katika kitabu chake cha mwaka 1728 aliandika kwamba sukari ndiyo inayoharibu meno. Ni ajabu kwamba baada ya muda mrefu kama huo bado wako watu wanaolipa fedha zao kuonyeshwa funza.

Ugonjwa huu si wa wachache. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba watu wapatao bilioni 3.5 ulimwenguni wana magonjwa ya kinywa. Nchini Kenya, uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015 ulionyesha meno yaliyooza kwa watu wazima wapatao 34 katika kila 100, na kwa watoto wapatao 24 katika kila 100.

HATUA ZA MAUMIVU

Jino huugua kwa hatua, na kila hatua ina maumivu yake. Mgonjwa akiweza kuyaeleza vizuri, daktari hujua nusu ya kazi kabla hajamwambia afungue kinywa.

Hatua ya kwanza, jino hushtuka kwa maji baridi au kitu kitamu, na mshtuko huisha mara kitu hicho kinapoondoka. Hapo tundu limefika kwenye dentini, lakini kiini ni kizima. Daktari huweza kulisafisha tundu na kuliziba siku hiyohiyo, na jino likaishi miaka mingi. Bahati mbaya ni kwamba karibu hakuna mtu aendaye hospitali katika hatua hii, kwa sababu maumivu ni madogo na nauli si ndogo.

Hatua ya pili, jino huuma lenyewe bila kuguswa. Chai ya moto huliamsha, na maumivu hubaki dakika nyingi baada ya chai kumezwa. Usiku huwa mabaya zaidi, tena hutambaa mpaka sikioni au upande wa kichwa, hata mgonjwa asijue ni jino lipi hasa. Kiini sasa kimevimba na hakitapona tena.

Hatua ya tatu ni ile ya kunyamaza. Kiini kimekufa, na mshipa wa fahamu uliokuwa ukipiga kelele umekufa pamoja nacho. Mgonjwa hudhani amepona, na kama alikuwa ametumia dawa yoyote siku ile, iwe ya mizizi, ya dukani au ya jirani, dawa hiyo ndiyo ipatayo sifa. Hivi ndivyo dawa nyingi zisizo na kazi zilivyopata jina kubwa. Kumbe ndani ya jino bakteria wamebaki katika chumba kisicho na damu ya kuwazuia, wanaongezeka, na polepole wanatoka kwa kile kijitundu cha mzizi na kuingia katika mfupa wa taya.

Baada ya majuma, au miezi, huja hatua ya nne. Jino huonekana kama limerefuka, na kuligusa kwa jino la upande wa pili ni mateso. Usaha umekusanyika kwenye mzizi. Wakati mwingine hutoboka kijipu juu ya ufizi, usaha ukatoka, na maumivu yakatulia kwa mara ya pili. Wakati mwingine hautoki, bali hutafuta njia shavuni au chini ya taya. Mkulima yule wa Kathonzweni aliyefurahi mwezi wa Novemba huenda akajikuta hapo mwezi wa Januari.

KUYATULIZA MPAKA ATAKAPOFIKA KWA DAKTARI

Mtu aishiye Tseikuru au ndani ya Mutomo hawezi kumfikia daktari wa meno saa nane za usiku. Yako mambo ambayo yatamsaidia kungoja, mradi akumbuke kwamba anangoja tu.

Kwanza atoe chakula kilichokwama, kwa uzi safi uliopitishwa kati ya meno, wala si kwa sindano au msumari. Kisha asukutue kwa maji ya vuguvugu yaliyotiwa nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi moja, na kuyatema. Aweke kitambaa kilicholoweshwa maji baridi nje ya shavu. Asiweke kitu cha moto. Alale kichwa kikiwa kimeinuliwa juu ya mito miwili ili damu isielekee kwenye jino, na kitu kitamu kisiingie kinywani kabisa.

Katika dawa za kumeza, mtu mzima aweza kutumia parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, wala asizidishe vinane katika saa 24, maana dawa hii ikizidi huharibu ini bila kutoa onyo. Ibuprofeni huweza kutuliza zaidi kwa sababu hupunguza uvimbe wenyewe. Huliwa pamoja na chakula, tena haifai kwa mwanamke mjamzito, wala kwa mtu mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au pumu inayoamshwa na dawa za namna hiyo. Watoto hupewa dawa kwa kipimo cha uzito wao, na aspirini wasipewe. Wako watu wanaosaga aspirini na kuipachika juu ya ufizi. Dawa hiyo hufanya kazi ikimezwa. Ikiwekwa juu ya ufizi huuchoma, na mgonjwa akawa na maumivu mawili badala ya moja.

Karafuu, zao la Unguja na Pemba linalopatikana katika kila duka la viungo, ina mafuta yaitwayo eujenoli yanayotia ganzi kweli. Mtu mzima aweza kuibana karafuu moja taratibu karibu na jino, au kutia tone moja la mafuta yake katika pamba na kuigusisha kwenye tundu. Madaktari wenyewe hutumia eujenoli iliyochanganywa na unga wa zinki kuziba tundu kwa muda. Mafuta hayo yasimwagwe juu ya ufizi, na watoto wadogo wasipewe, maana yakimezwa ni sumu kwao.

Mengine yatumikayo vijijini hayafai. Maji ya betri huliua jino pamoja na ufizi na mfupa ulio chini yake. Petroli, chang'aa na ugoro huchoma. Matunda ya manjano ya mtunguja yana sumu. Koleo la fundi wa baiskeli huvunja jino na kuacha mzizi ndani, na kuutoa mzizi huo baadaye ni kazi kubwa kuliko kung'oa jino zima.

Vile vidonge vya rangi mbili vinavyonunuliwa kwa rejareja, yaani antibiotiki, vyastahili neno la peke yake, kwa sababu watu wenye busara na elimu huvitumia. Dawa ya kumeza husafiri kwa damu. Kiini kilichokufa hakina damu, basi dawa haifiki waliko bakteria. Huweza kuwapunguza walio nje ya mzizi, uvimbe ukashuka kwa juma moja, kisha wakarudi, na waliosalia ndio wale walioizoea dawa. Antibiotiki ina kazi yake uvimbe unapoenea au homa inapoingia, na hata hapo hutolewa na mtaalamu pamoja na kulitibu jino lenyewe. Haitolewi badala ya matibabu hayo.

WAKATI WA KUTONGOJA

Mwaka 1836 daktari mmoja wa Ujerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, alieleza ugonjwa wa uvimbe mgumu unaoenea chini ya taya na ulimi mpaka kuziba koo. Mara nyingi chanzo chake ni gego la chini lililooza. Kabla ya kupatikana antibiotiki, zaidi ya nusu ya waliougua walikufa, na waliokufa walikufa kwa kukosa pumzi. Hata leo mgonjwa huweza kufa akichelewa.

Kwa hiyo, mtu mwenye jino bovu akivimba chini ya kidevu au shingoni, akashindwa kufungua kinywa, akaumia anapomeza hata mate yake, ulimi ukainuka, sauti ikabadilika, au akatweta, asingoje asubuhi wala siku ya soko. Apelekwe hospitali usiku uleule kwa gari lolote litakalopatikana. Vivyo hivyo kwa mtu ambaye uvimbe umepanda mpaka jicho limefumba, na kwa mtoto mwenye shavu lililovimba pamoja na homa. Homa ya namna hiyo mara nyingine hudhaniwa kuwa malaria, mgonjwa akapewa dawa ya malaria huku usaha unaendelea. Mwenye ugonjwa wa sukari ahadhari zaidi, kwa kuwa mwili wake hauna nguvu ya kuuzuia.

Liko pia onyo jingine lisilotoka kwenye jino. Mtu mzima akiumwa na taya la chini kila anapopanda kilima au kubeba mzigo, pamoja na kubanwa kifua, na maumivu yakapoa anapopumzika, huenda ni moyo unaougua. Huyu naye aende hospitali, si kwa daktari wa meno.

KAZI YA DAKTARI

Matibabu ya meno hupatikana katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Kitui, mjini Kitui, na katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Makueni, huko Wote. Mgonjwa wa mbali yafaa aulize kwanza katika zahanati iliyo karibu naye ni hospitali ipi yenye mtaalamu, na siku zipi, asije akatumia nauli bure. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii imechukua mahali pa bima ya NHIF. Aulize pia kama ameandikishwa, na ni gharama gani atakayolipa mwenyewe.

Mgonjwa wa hatua ya kwanza huzibwa tundu. Wa hatua ya pili na zile zinazofuata ana njia mbili: kusafishwa mizizi ya jino na kuzibwa, kazi inayoweza kuhitaji kurudi mara kadhaa na isiyofanywa katika kila hospitali, au kung'olewa. Kabla ya kung'oa, daktari hudunga dawa ya ganzi, na mgonjwa huhisi kusukumwa tu. Watu wengi hukimbia sindano hii, ilhali uchungu wake ni wa nukta chache, na wao wamekwisha kuvumilia majuma mazima. Mwanamke mjamzito aweza kutibiwa meno. Lililo muhimu ni amwambie daktari hali yake na miezi yake.

Aliyeng'olewa jino aume pamba aliyopewa kwa nusu saa bila kuitazama-tazama. Kwa siku nzima asisukutue kwa nguvu, asivute wala kunusa tumbaku, wala asiguse pengo kwa ulimi au kidole, kwa sababu bonge la damu lililo ndani ndilo kifuniko cha mfupa. Likitoka, baada ya siku mbili au tatu huanza maumivu makali kuliko yale ya kwanza. Hayo hayana maana kwamba daktari alikosea. Arudi, pengo lisafishwe na kutiwa dawa.

MSWAKI NA MAJI YA KUNYWA

Utando unaokaliwa na bakteria huondolewa kwa mswaki mara mbili kwa siku, na mara ya usiku ndiyo isiyofaa kukosa, maana mtu alalapo mate hupungua. Kijiti cha mti wa mswaki, ambao Wakamba huuita mukayau, husafisha vizuri kikitumiwa kwa uangalifu mpaka kwenye magego. Wengi hukisugua kwenye meno ya mbele tu, yaonekanayo na watu. Dawa ya meno yenye floridi huongeza nguvu ya enameli. Mtoto chini ya miaka mitatu hutiwa kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka mitatu hadi sita kiasi cha punje ya mbaazi, naye afundishwe kutema.

Floridi hiyohiyo ikizidi katika maji ya kunywa huleta jambo jingine. Maji ya mvua, na ya mitoni yanayochotwa mchangani, kwa kawaida huwa na floridi kidogo. Visima virefu vya baadhi ya sehemu kavu huweza kuwa nayo nyingi kupita miligramu 1.5 kwa lita moja, kipimo kilichowekwa kuwa mwisho. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake yanakua ufizini huota meno yenye mabaka meupe au ya rangi ya kahawia. Meno hayo hayakuoza, wala hayahitaji kung'olewa kwa sababu ya rangi yake. Kuchemsha maji hakuiondoi floridi, bali huizidisha nguvu, kwa kuwa maji hupungua nayo hubaki. Kijiji ambacho watoto wake wengi wana mabaka hayo kipeleke habari kwa maofisa wa maji wa kaunti, kisima kikapimwe, na watoto wadogo wapewe maji ya mvua ya kunywa wakati majibu yakingojewa.